Je, Mkristo anaweza kuvuta bangi na dhamiri yake ikabaki safi?

*Swali: Mchungaji, Bwana asifiwe. Nina miaka 31, nimeokoka, nimeoa na tuna mtoto mmoja. Jioni tatu au nne kwa wiki navuta msokoto mmoja wa bangi kabla ya kulala, nipate usingizi. Siibi, sipigani na mtu, kazini nafika kwa wakati. Ninapoishi sheria imelegezwa, mtu mzima hakamatwi kwa kuvuta nyumbani kwake. Mke wangu hapendi, lakini siku hizi amenyamaza. Kanisani naambiwa ni dhambi, ila hakuna aliyenionyesha mstari unaotaja bangi, na baadhi ya hao wanaonisema wanakunywa divai. Rafiki yangu amenipa Mwanzo 1:29. Na niseme ukweli: nikishavuta ndipo nasikia naomba vizuri. Tena mama yangu anaumwa saratani, na daktari amemwandikia dawa iliyotokana na bangi. Je, naye anatenda dhambi? Nijibu bila kunizungusha.*

Ndugu yangu, umetaka nisikuzungushe, basi nianzie mwisho. Mama yako hatendi dhambi. Atumie dawa yake kwa amani. Wewe unavuta ili akili ilewe, na huko Maandiko yamemkataza Mkristo asiende, sheria ya nchi iwe imekaza au imelegea. Ila nimefundisha maadili ya Kikristo kwa miaka mingi, na nimesikia swali la bangi likijibiwa kwa hoja mbovu mara nyingi kuliko kwa hoja nzuri. Mtu akipewa hoja mbovu, siku akigundua ubovu wake huitupa pamoja na ukweli uliokuwa nyuma yake. Kwa hiyo kabla sijamgusa rafiki yako, ngoja niondoe mezani hoja za upande wangu zisizosimama.

Ni kweli, Biblia haitaji bangi. Wapo watakaokupeleka Wagalatia 5:20 na kukuambia kwamba neno la Kigiriki lililotafsiriwa "uchawi" ni farmakeia, kwa hiyo Paulo alikuwa anazungumzia dawa za kulevya. Neno hilo lilibeba dawa, sumu na mizizi ya kurogea, na Paulo ameliweka jirani kabisa na ibada ya sanamu. Watafsiri wetu walipoandika "uchawi" walipatia. Anayelitumia kumhukumu mvuta bangi, itambidi aeleze kwa nini halimhukumu mfamasia.

Hoja ya mwili kuwa hekalu la Roho Mtakatifu, 1 Wakorintho 6:19, ina nguvu zaidi, lakini nayo itumike kwa haki. Pale Paulo anazungumzia zinaa. Kanuni yake inapanuka, nakubali, na moshi ni moshi, kifua hakiulizi umetoka kwenye jani gani. Ila mhubiri anayeinua mstari huo juu ya msokoto wako akauficha mbele ya sigara na mbele ya ulafi, anapima kwa mizani miwili. Mimi nautumia kuunga mkono hoja nyingine, siutumii kama rungu.

Sasa rafiki yako. Mwanzo 1:29 inasema Mungu aliwapa wanadamu kila mche utoao mbegu, na sentensi yenyewe inamalizika kwa kusema vitakuwa chakula chao. Ni mstari wa riziki. Haukusema kila mmea unafaa kwa kila matumizi, na tena umesemwa kabla ya anguko, kabla ya ardhi kulaaniwa. Afyuni inatoka kwenye ua zuri lenye mbegu tele. Kokeini inatoka kwenye majani ya kichaka. Ikiwa "Mungu kaumba" inatosha kuhalalisha moshi wa bangi, inatosha kuhalalisha na hizo, na sidhani kama rafiki yako anataka kufika huko.

Ukikaa naye zaidi atakuletea na kane, kile kiungo cha mafuta matakatifu katika Kutoka 30:23. Mwaka 1936 mtafiti Sula Benet alitoa hoja kwamba neno la Kiebrania lililopo pale, kaneh bosem, lilimaanisha bangi. Wataalamu wengi wa Kiebrania hawakumkubalia. Wanaona ni aina ya tete lenye harufu nzuri. Lakini tuseme alikuwa sahihi. Soma hadi mstari wa 32 na 33 wa sura hiyohiyo: mafuta yale yalipakwa, na mtu wa kawaida alikatazwa kuyatumia mwilini mwake au kutengeneza mengine mfano wake, akifanya hivyo akatiliwe mbali na watu wake. Kwa hiyo hata hoja hiyo ikishinda, wewe na mimi tumebaki nje ya mlango.

Liko jambo jingine ambalo ni la kweli, na ni heri ulisikie kwangu. Huko Arad, kusini mwa Yuda ya kale, kuna hekalu dogo lililokuwa likitumika katika karne ya 8 kabla ya Kristo. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba mabaki yaliyoungua juu ya moja ya madhabahu zake mbili yalikuwa na bangi, imechanganywa na samadi ili iungue taratibu. Kwenye ile nyingine palikuwa na ubani. Kwa hiyo watu wa Yuda walijua moshi huo, na yaelekea waliuvuta katika ibada. Nilipoisoma habari ile nilikaa nayo siku kadhaa. Kisha nikakumbuka kwamba hiyo ndiyo karne ya Isaya na Hosea. Isaya 28:7 anawalilia kuhani na nabii wanaoyumbayumba kwa kileo, wanaokosea katika maono yao. Hosea 4:11 anasema mvinyo huondoa fahamu. Jambo kufanyika madhabahuni hakujawahi kuwa ushahidi kwamba Mungu aliliagiza; nusu ya vitabu vya manabii imeandikwa kwa sababu hiyo.

Na hapo nimefika kwenye sentensi moja ya barua yako ambayo imenishika kuliko zote: nikishavuta ndipo nasikia naomba vizuri.

Nakuamini. Sidhani unatafuta kisingizio. Bangi inalegeza mwili, inapunguza kelele za siku nzima, inafanya wimbo usikike kama una vyumba ndani yake, na dakika moja inarefuka. Mtu aliyeishi kwa wasiwasi akipata utulivu wa namna hiyo, atahisi Mungu amesogea. Lakini tazama Mambo ya Walawi sura ya 10. Nadabu na Abihu, wana wa kuhani Haruni, wamekufa kwa kuleta moto wa kigeni mbele za Bwana, na kinachofuata hapohapo, mstari wa 9, ni Bwana kumwambia Haruni kwamba yeye na wanawe wasinywe divai wala kileo wanapoingia katika hema ya kukutania. Sababu imetolewa mstari wa 10: wapate kupambanua kati ya kilicho kitakatifu na kisicho kitakatifu. Divai yenyewe ilikuwa halali mezani kwao. Ilizuiwa mlangoni pa sala, kwa sababu ndani ya sala mtu anahitaji kile kinacholegea kwanza akilewa, yaani uwezo wa kupambanua. Petro anarudia jambo hilohilo kwa Kanisa katika 1 Petro 4:7: "iweni na akili, mkeshe katika sala." Na pale 5:8 anaposema muwe na kiasi na kukesha, neno la Kigiriki analotumia maana yake ya kwanza ni kuwa huru na ulevi. Kutoka mzizi huo Wakristo wa Mashariki, Waorthodoksi, wamejenga mafundisho mazima ya sala: moyo ulio macho, unaoona wazo linapoingia na kujua limetoka wapi.

Ulipovuta jioni iliyopita ukaomba, je, uliweza kujua lipi lilikuwa faraja ya Roho na lipi lilikuwa kemikali ikifanya kazi yake? Kama huwezi kutofautisha, basi kuna sauti imeingia katika maombi yako ambayo huwezi kuihoji. Na siku bangi haipo, sala inabaki kavu, nawe unadhani Mungu ameondoka, kumbe kilichoondoka ni dawa mwilini. Hiyo ndiyo hasara ninayoihofia kwako kuliko nyingine yoyote.

Tuje kwenye divai. Hapa swali lako lina uzito wa kweli, na Wakristo wanaokubali bangi kwa kiasi (wapo, na wengine ni watu wacha Mungu) wamejenga nyumba yao hapa. Wanasema hivi: Zaburi 104:15 inamshukuru Mungu kwa divai inayofurahisha moyo. Yesu alitengeneza divai Kana. Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Kilichokatazwa ni ulevi. Yohane Krisostomo, akihubiri Antiokia mwaka 387 juu ya mstari huohuo wa Timotheo, alisema divai ni kazi ya Mungu, ulevi ndio kazi ya Ibilisi. Basi, wanamalizia, tuiweke bangi kwenye kapu hilohilo: tukataze kuzidisha, tusikataze mmea.

Naiheshimu hoja hii kuliko ya Mwanzo 1:29. Kwangu inavunjika mahali pamoja, nalo ni lengo. Mtu anaweza kunywa glasi ya divai na chakula, akaimaliza, na kilichompeleka kwenye glasi ile kikawa ladha, au kiu, au mgeni aliyeketi naye. Ulevi uko kando ya njia yake kama shimo, anaweza kulipita. Msokoto haukati kiu wala haushibishi. Mpe mvutaji majani yenye harufu ileile na ladha ileile, ila yasiyo na THC, ile kemikali ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga huko Israeli mwaka 1964, na baada ya dakika kumi atakuuliza umempa nini. Stimu ndiyo safari yenyewe. Paulo aliposema katika Waefeso 5:18, "Tena msilewe kwa mvinyo, ambamo mna ufisadi, bali mjazwe Roho," hakuwa na ugomvi na zabibu. Alikuwa anaweka watawala wawili mbele yetu na kutuambia tuchague atakayetushika. Na yule anayekunywa divai ili kichwa kibadilike tu, hukumu yake ni hii yako. Wale wanaokusema huku wenyewe wanarudi nyumbani wamelewa hawana cha kujitetea, na umefanya vizuri kuwataja.

Nitakiri kwamba mtu anayevuta mara mbili akazima, akalegea mabega tu, akili yake ikabaki nyumbani, sitamwambia amefanya sawasawa na mlevi aliyeanguka mlangoni. Dhambi zina uzito tofauti. Ila kipimo chenyewe kinateleza. Chupa ya divai imeandikwa nguvu yake, msokoto haujaandikwa. Bangi iliyokamatwa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na wastani wa karibu asilimia 4 ya THC. Kufikia 2014 ilikuwa karibu asilimia 12. Neno "msokoto mmoja" la baba yako na la kwako si kipimo kimoja.

Nikueleze kitu alichonisimulia mwanamume mmoja aliyekuja kwangu kwa ushauri, kwa ruhusa yake, bila jina. Naye alikuwa mtu wa jioni, msokoto mmoja, kazi nzuri, hana kelele. Siku moja amekaa kwenye kiti baada ya kuvuta, binti yake wa miaka minne akaja na karatasi aliyochora. Akaanza kueleza: huyu ni wewe, huyu ni mama, hili ni jua. Baba anaona mdomo wa mtoto unavyotembea. Anatabasamu. Anajua anapaswa kusema kitu, na kile kitu kiko mbali, kama kikombe juu ya kabati. Mtoto akanyamaza, akaiweka karatasi chini, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akaugeuza uso wake umtazame. Akamwambia, "Baba, rudi." Yule bwana aliponisimulia alijishika mashavu mwenyewe, palepale. Hakuwa amempiga mtu wala kuiba. Hakuwepo tu, wakati mtu aliyekabidhiwa kwake alikuwa anamwita kwa jina.

Tunapomhubiria mtu kiasi, tunazungumzia hilo. Amri kuu ni kumpenda Bwana kwa moyo wote, kwa roho yote, kwa akili yote, na jirani kama nafsi yako. Upendo unahitaji mtu awepo. Uchovu na usingizi navyo hutuondoa, nakubali, lakini hivyo vinatujia; hii ya kwako unaiwasha mwenyewe kwa kiberiti, jioni tatu au nne kwa wiki, saa zilezile ambazo mkeo na mwanao wako nyumbani.

Juu ya sheria sina mengi. Pale bangi inapokatazwa, Warumi 13, inayotuagiza kutii mamlaka, inaongeza uzito juu ya uliokwishakuwepo. Pale inaporuhusiwa, kama Uruguay tangu 2013 na Kanada tangu 2018, ruhusa inamwondoa polisi mlangoni kwako, basi. Wakorintho nao walikuwa na msemo wao, "vitu vyote ni halali kwangu," na Paulo hakubishana nao kuhusu halali. Akajibu, "lakini si vyote vifaavyo," kisha akaongeza kwamba yeye hatatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote. Makadirio yanayotajwa sana na wataalamu ni kwamba karibu mtu 1 kati ya 10 wanaojaribu bangi huishia kuwa mraibu, na kwa walioanza wakiwa vijana wadogo ni kama 1 kati ya 6. Wewe hujasema kwamba umeshikwa. Umesema unavuta ili ulale. Jaribu wiki mbili bila. Ukiona huwezi, utakuwa umejibiwa na mwili wako, wala hutahitaji mchungaji.

Kuhusu makanisa, usidanganywe kwamba yamegawanyika katikati. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inasema kutumia dawa za kulevya ni kosa kubwa isipokuwa kwa sababu za tiba tu, na Papa Francis mwaka 2014 alisema wazi kwamba tatizo la dawa za kulevya halitatuliwi kwa dawa za kulevya. Waadventista wa Sabato, Wapentekoste na Wabaptisti kwa sehemu kubwa wanakataa kabisa matumizi ya starehe. Kanisa la Presbiteri la Marekani mwaka 2006 liliunga mkono matumizi ya tiba. Sauti zinazokubali starehe kwa kiasi zipo, lakini ni za watu mmoja mmoja kuliko za makanisa. Rastafari, wanaotumia ganja kama ibada na ambao Jamaika iliwaruhusu kisheria mwaka 2015, wanaisoma Biblia, ila imani yao ni njia nyingine; usiichukue ibada yao ukaifanya ruhusa ya Mkristo. Hata wao watakuambia hawavuti ili walale.

Sasa mama yako, na hapa nataka usome taratibu kisha ukamsomee. Mithali 31:6 inasema apewe kileo yeye aliye karibu na kupotea, na divai yeye aliye na uchungu nafsini. Ni kweli Bwana wetu msalabani alipopewa mvinyo uliotiwa manemane hakuupokea, lakini ule ulikuwa uamuzi wa kikombe chake, hakuugeuza kuwa sheria juu ya wagonjwa. Thoma wa Akwino, mwanatheolojia wa karne ya 13, alipojadili ulevi alisema kiasi cha mtu mzima wa afya na kiasi cha mgonjwa si kimoja. Tena akagusa kisa cha mtu anayelewa kwa kisingizio kwamba tabibu amemwambia atapike: akajibu kwamba maji ya vuguvugu yanatapisha vilevile, kwa hiyo hakuna haja ya kulewa. Kipimo hicho bado kinafaa. Ikiwa ipo dawa inayofanya kazi ileile bila kulevya, mgonjwa aichukue hiyo. Ikiwa haipo, au imeshindwa, dawa hiyo ya bangi kwake ni tiba na ulevi wake ni athari ya pembeni, kama usingizi wa mofini baada ya upasuaji. Dronabinol, THC ya maabara, iliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani. Mwaka 2018 ikaidhinishwa Epidiolex, ambayo ni CBD, sehemu ya bangi isiyolevya, kwa wagonjwa wenye aina ngumu za kifafa.

Nimewahi kukaa kando ya kitanda cha mama mmoja wa kanisa aliyekuwa kwenye tiba ya saratani, beseni likiwa mapajani. Alikuwa amekataa vidonge vya dronabinol siku nne kwa kuogopa jehanamu. Tulisoma ile Mithali pamoja, akameza kimoja. Jioni alikula vijiko vitano vya supu, akavihesabu kwa sauti. Aliyemtia hofu ile alikuwa mtu wa kanisani, na mpaka leo naumia nikikumbuka siku zake nne.

Turudi kwako, kwa sababu mama yako ana daktari, wewe una kiberiti. Ukiamua kuacha, ujue kitakachokuja. Siku ya kwanza au ya pili utakuwa na hasira za bure na usingizi utakukimbia. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu zaidi. Ndoto zitarudi kwa nguvu, kwa sababu bangi ilikuwa inaubana ule usingizi wa ndoto. Usizifanye mashambulizi ya kipepo; ni ubongo unalipa deni la usingizi. Kwa wengi hali hiyo hupungua ndani ya wiki mbili tatu. Mwone daktari kuhusu kukosa usingizi kwenyewe, kwani huko ndiko kulikokupeleka kwenye msokoto. Na kama katika ukoo wenu yupo aliyewahi kurukwa na akili, kusikia sauti au kuona yasiyokuwepo, usisubiri hata kesho: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka Ulaya na Brazili ulionyesha kwamba wanaovuta bangi kali kila siku wana uwezekano wa karibu mara 5 wa kupata ugonjwa wa akili wa namna hiyo kuliko wasiovuta kabisa.

Tafuta ndugu mmoja wa kanisani anayejua kutunza siri, umwambie siku utakayoanza. Ukianguka jioni ya sita, mpigie jioni hiyohiyo. Usingoje ibada ya Jumapili. Na sala zitakapokuwa kavu, ziombe zikiwa kavu hivyohivyo, kwa maneno machache, zaburi moja, dakika kumi.

Lakini kabla ya yote hayo, umeandika kwamba mke wako hapendi, ila siku hizi amenyamaza. Umeliandika kwa haraka, kama jambo lililokwisha. Mimi nimeusoma mstari huo mara tatu. Chagua jioni moja ambayo hujavuta, mtoto akishalala, ukae naye umuulize aliacha lini kusema, na kwa nini. Kisha msikilize mpaka amalize.